TV ya mama inatoa sauti bila picha: kosa si la MP4

*"Mtaalamu, habari za kazi. Harusi ya mdogo wangu ilifanyika Tanga mwezi uliopita. Video tulipiga wenyewe kwa iPhone, za 4K, karibu saa tatu kwa jumla. Nikaziweka kwenye flashi ya GB 64 na kumpelekea mama Lushoto. Kwenye TV yake, flati ya inchi 32 ya mwaka 2014, sauti inasikika vizuri ila picha ni nyeusi tupu. Kijana wa steshenari akazibadilisha kutoka MOV kuwa MP4, hali ikabaki ile ile. Rafiki yangu akazigeuza kwa programu ya simu. Sasa zinaonekana, lakini zina ukungu, watu wakicheza wanageuka vigae vigae, na bibi harusi amepauka kama kapakwa majivu. Flashi nyingine ya GB 16 imekataa kabisa kupokea faili moja, inasema ni kubwa mno, wakati nafasi ipo. Mmoja ananiambia nitumie MKV, mwingine H.265, mwingine anasema AV1 ndiyo ya kisasa. Ipi hasa ndiyo bora? Tena shangazi yupo Muscat, naye anataka kuona. Nakuomba usinijibu kwa mkato."*

Sitakujibu kwa mkato, ila nianze na jambo moja la haraka. Faili zile za mwanzo kabisa, zilizotoka kwenye simu kabla ya mtu yeyote kuzigusa, bado unazo? Kama unazo, harusi iko salama na yote uliyoyaeleza yanarekebishika. Zinakili leo kwenye diski nyingine, kisha urudi tuendelee. Kama zimebaki kwenye hiyo simu peke yake, usisubiri kesho.

Umeshanakili? Sasa tuje kwa kijana wa steshenari, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. MP4, MOV, MKV na AVI ni majina ya magunia. Ukiwa na gunia lililoandikwa "mchele" na ndani mna mahindi, hata ukifuta maandishi na kuandika "ngano", utakapofungua utakuta mahindi yale yale. Kijana alibadilisha maandishi ya gunia. Tena kwa MOV na MP4 hata gunia lenyewe ni karibu lile lile, kwa sababu MP4 ilishonwa kwa kufuata MOV ya Apple. TV ya mama ililifungua bila shida mara zote mbili, ikatoa sauti, maana sauti ya iPhone huwa imebanwa kwa AAC na TV inaijua tangu zamani. Ilipofika kwenye picha ikakuta kitu isichokijua.

Hicho isichokijua ndicho tunachokiita kodeki, yaani ile namna picha zilivyobanwa. Iliyomo kwenye video zako, karibu nina hakika, ni H.265, ambayo pia huitwa HEVC. iPhone zimekuwa zikirekodi kwa HEVC bila kukuuliza tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Usiniamini kwa maneno matupu: fungua faili moja kwenye VLC ya kompyuta, programu ya bure ya kuchezea video, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, uangalie mstari wa kodeki. Ukiona herufi "hvc1" au neno HEVC, ndiyo hiyo. Ukiona "avc1", ni H.264, kodeki iliyotangulia H.265, na mimi nitakuwa nimekosea.

Kwa nini video ibanwe kabisa? Piga hesabu. Fremu moja ya 1080p, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana haraka, ina pikseli (vidoti) 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Hata ukipunguza taarifa za rangi, kwa kuwa jicho letu hukamata tofauti za mwanga kuliko tofauti za rangi, fremu hiyo haishuki chini ya MB 3 hivi. Zidisha kwa fremu 25 za kila sekunde, unapata kama MB 78 kwa sekunde, au GB 280 kwa saa. Saa tatu za harusi ni GB 840, na hapo hatujagusa 4K, ambayo ina pikseli mara nne ya hizo. Sasa iPhone ikirekodi 4K ya fremu 30 kwa HEVC hutumia kama MB 170 tu kwa dakika. Ndiyo maana saa zako tatu, kama GB 30, zikaingia kwenye flashi.

Kubana huko hufanyika hivi. Chukua kipande ambacho maharusi wamekaa jukwaani, nyuma yao pazia jeupe na maua, hakuna anayetikisika sana. Kodeki huhifadhi fremu moja nzima, halafu kwa fremu zinazofuata huandika mabadiliko peke yake. Bibi harusi akigeuza kichwa kidogo, haichori kichwa upya. Huandika maagizo tu: kipande kile cha fremu iliyopita kichukue, kisogeze pikseli nne kushoto. Pazia halijabadilika, kwa hiyo linagharimu karibu sufuri. Sekunde kumi za kipande kama hicho ni chakula chepesi sana.

Kisha taarabu inaanza. Mashangazi wanainuka, kanga zina maua na mistari, nguo zimejaa vimetameta, noti zinapepea juu kwa kutuza, na mpigaji video naye anacheza na simu mkononi. Hapo hakuna kipande cha fremu iliyopita kinachofaa kusogezwa. Kila kitu ni kipya kila mara. Kama kodeki imepewa biti za kutosha, yaani nafasi ya kuandikia taarifa, italipa gharama hiyo. Kama imepewa kidogo, hulazimika kurahisisha: kila mraba wa picha hupewa rangi ya wastani na mipaka yake huanza kuonekana. Hivyo ndivyo vigae ulivyoviona. Utakuta kwenye faili ile ile iliyoharibika, sehemu ya maharusi kukaa inapendeza na sehemu ya kucheza haitazamiki. Ni bajeti moja, ila matumizi ni tofauti.

H.265 inaizidi H.264 hapo hapo kwenye miraba. H.264, iliyotoka mwaka 2003, hukata picha kwa miraba ya pikseli 16 kwa 16. H.265 ya mwaka 2013 inaweza kutumia miraba hadi 64 kwa 64, kwa hiyo kipande cha pazia jeupe ambacho H.264 ingekieleza kwa miraba 16, yenyewe hukieleza kwa mmoja. Penye vimetameta hurudi kwenye miraba midogo. Pia ina njia 35 za kukisia mraba utafananaje na majirani zake, wakati H.264 ina 9 kwa vile vipande vyake vidogo. Jumla ya ujanja wote huo ni kwamba ubora ule ule unapatikana kwa takriban nusu ya biti. Faida hiyo ni ya kweli, si maneno ya biashara. Gharama yake ni kwamba anayefumbua hufanya kazi nzito zaidi.

Anayefumbua kwa mama ni chipu ya TV, na hapa ndipo kwenye fundo. Kompyuta ikikutana na kodeki mpya unaiwekea programu na inaendelea. VLC ina vifumbuzi vyake yenyewe, ndiyo maana karibu kila kitu kinacheza humo, na ndiyo maana maneno ya "mbona kwenye laptop inacheza" hayathibitishi chochote kuhusu TV. Chipu ya TV ilichongwa kiwandani ikijua lugha kadhaa, basi. H.265 ilikamilishwa mwaka 2013. Mwaka uliofuata waliokuwa wakiiweka walikuwa hasa watengenezaji wa TV za 4K za bei kubwa. TV ya inchi 32 ya mwaka 2014 haina, na hakuna sasisho litakalochonga chipu upya. Mtu akikuambia atai-flash TV, yaani ataibadilishia programu ya ndani, ili isome H.265, mshukuru, uondoke na TV yako.

Nikiwa hapo hapo, kuna jambo watu hawaambiwi: H.265 haikusambaa haraka pia kwa sababu ya fedha. Hakimiliki zake za uvumbuzi zimegawanyika kwa makundi zaidi ya moja ya wanaodai malipo. Hata kwenye Windows, kompyuta nyingi zinahitaji kiongezo cha HEVC kinachouzwa dola 0.99 kwenye duka la Microsoft. Kero hiyo ilichangia Google, Netflix, Amazon, Mozilla na wengine kuungana mwaka 2015 na kutoa AV1 mwaka 2018, kodeki ambayo wao wenyewe hawaitozi ada. AV1 inabana kuliko H.265, na YouTube wanaitumia sana. Lakini kwako? iPhone ya kwanza kuwa na chipu ya kuifumbua ni 15 Pro, ya mwaka 2023. Aliyekushauri AV1 kwa TV ya 2014 alijibu swali la mtu mwingine. Wa MKV naye hakukuelewa: MKV ni gunia zuri, linabeba sauti za lugha kadhaa na manukuu, ila ukimwaga H.265 ndani yake, mama ataona weusi ule ule.

Kwa hiyo "ipi bora" ina majibu matatu, kutegemea bora kwa kazi gani. Kwa kutunza, bora ni faili ya mwanzo jinsi ilivyo, hata kama ni H.265, hata kama ni kubwa. Kwa kutuma kwa mtu mwenye simu ya kisasa, H.265 inakuokolea bando. Kwa TV usiyoijua, au unayoijua kuwa ni ya zamani, ni H.264 ya 1080p ndani ya MP4 na sauti ya AAC ya stirio. Imeshapita miaka zaidi ya ishirini na karibu kila kitu chenye tundu la USB kinaielewa. Haina sifa za kujivunia, lakini mimi nikipeleka kazi kwa mteja nisiyejua ana TV gani, ndiyo ninayompa.

Ukungu wa rafiki yako una sababu ya kawaida. Programu nyingi za bure za simu huchagua kiasi kidogo cha biti ili zikuonyeshe kwa fahari kwamba faili "imepungua kwa asilimia 90". Kubana kwa aina hii hutupa taarifa, na kilichotupwa hakirudi. Ukiichukua faili yake sasa ukaigeuza kwa ubora wa juu kabisa, utapata faili kubwa yenye ukungu ule ule, ukungu uliohifadhiwa vizuri. Usiiendeleze. Kila toleo lifanywe mara moja tu, kutoka kwenye faili ya mwanzo.

Kupauka ni habari nyingine, na hili ndilo lililonifanya nichague swali lako. iPhone za kuanzia toleo la 12 hurekodi video kwa HDR zisipoambiwa vinginevyo. Video ya kawaida ina hatua 256 za mwanga kwa kila rangi. Hiyo ya HDR ina 1,024, na mpangilio wake ni mwingine kabisa, umetengenezwa kwa kioo chenye mwanga mkali na rangi pana. Ukiichukua na kuicheza kama ya kawaida bila kuitafsiri, weupe wa shela unakuwa kijivu na ngozi inakosa damu. Majivu uliyoyaona ndiyo hayo. Kwenye ile orodha ya VLC, ukiona imeandikwa BT.2020 mahali pa rangi, ujue ni HDR. Harusi ijayo zima kabisa: mipangilio ya Kamera, sehemu ya kurekodi video, swichi ya HDR. Kwenye sehemu ya Formats ukichagua "Most Compatible", simu itarekodi H.264, ingawa faili zitakuwa kubwa karibu mara mbili.

Kama video zako si HDR, kazi unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwa HandBrake, programu ya bure ya kompyuta. Chagua mpangilio wake ulio tayari unaoitwa Fast 1080p30, acha gunia liwe MP4 na kodeki iwe H.264. Kipimo cha ubora, kinachoitwa RF, kiweke kwenye 20. Usishangae kwamba namba ndogo ndiyo ubora mkubwa. Badilisha kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: kasi ya fremu iwe "Constant". Simu hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka kidogo, na TV za zamani zikikutana na hilo, baada ya nusu saa midomo ya shehe inaenda huku na sauti huku.

Usianze na saa tatu. Geuza dakika mbili, na uzichague zile za taarabu, si za watu kukaa. Ukiridhika na kanga na vimetameta, mengine yote yatakuwa sawa. Mpelekee mama hizo dakika mbili kwanza au, kama Lushoto ni mbali, tafuta jirani mwenye TV ya umri huo. Ndipo uiache laptop ifanye kazi usiku kucha, ikiwa kwenye umeme. Usihuzunike kwamba unashusha 4K: TV nyingi za inchi 32 za wakati ule zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768, kwa hiyo hata 1080p unayompa itapunguzwa na TV yenyewe.

Ipo njia ya kutobadilisha kitu: boksi dogo la Android linalochomekwa kwenye HDMI, lenye uwezo wa H.265. Picha itatoka kama ilivyo. Mimi ningelishauri kwa nyumba yenye kijana wa kulishughulikia. Mama akiwa peke yake, rimoti ya pili na mafaili ya kutafuta ni mzigo, na atarudi kuniuliza mimi au wewe. Kama ana deki ya DVD na ameizoea, inawezekana pia, lakini ujue unachokitoa: DVD hutumia MPEG-2, kodeki ya zamani zaidi, kwa pikseli 720 kwa 576, moja ya tano kamili ya 1080p, na saa tatu zitahitaji diski mbili ili zisibanwe hadi vigae virudi.

Flashi iliyokataa faili haina ubovu. Flashi ndogo kwa kawaida huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4 hata kama nafasi ipo tele. Zile za GB 64 mara nyingi huja na exFAT, inayopokea faili kubwa, ila TV nyingi za zamani haziisomi. Yako ilisomwa, kwa bahati nzuri. Njia salama ni kugawa harusi vipande vya saa moja moja. Kwa wastani wa megabiti 5 kwa sekunde, saa moja ni kama GB 2.25, vitatu vinaingia kwenye flashi ya GB 16 ya FAT32 na nafasi inabaki. Vipe majina mafupi: 1-nikahi, 2-ukumbini, 3-taarabu. Mama atakushukuru kwa hilo kuliko kodeki yote.

Shangazi wa Muscat usimtumie kama video ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu WhatsApp itaibana upya kwa kipimo chake. Itume kama nyaraka, inapita jinsi ilivyo, mradi isizidi GB 2. Simu yake ikiwa ya miaka ya karibuni, mgeuzie kwa H.265 ya 1080p, vipande vya nusu saa, apakue akiwa kwenye Wi-Fi.

Sasa, wapi uache kujaribu mwenyewe. Kama video ni HDR, mtafute mhariri wa video, si steshenari, na kabla hujampa kazi muulize atashushaje HDR kwenda Rec.709, mpangilio wa rangi wa video ya kawaida. Anayeijua kazi atakujibu hapo hapo, au atakuuliza simu ni toleo gani. Anayesema "haina shida, tunaconvert tu" ndiye atakayekurudishia majivu. Na kama ulipofika mwanzo wa jibu langu ulikuta faili za mwanzo zilishafutwa, angalia kwanza albamu ya vilivyofutwa karibuni kwenye simu, hukaa humo hadi siku 30. Zikiwa zilifutwa kwenye flashi au kadi, ichomoe, usiandike chochote juu yake, hata picha moja, na uipeleke kwa mtu wa kuokoa data ikiwa hivyo hivyo.

TV ikigoma hata na faili ya H.264, niandikie modeli yake, iko kwenye kibandiko cha nyuma, pamoja na mstari ule wa kodeki kutoka VLC kama ulivyo, usiufupishe.